Moyo Unasema Hivi, Katiba Inasema Vile: Tufuate Lipi?



Safari hii hatuzungumzi juu ya mbolea wala kuku wa kienyeji. Tunataka tuketi pamoja tuangalie jambo moja ambalo tumeliona likivunja vikundi ambavyo hata ukame haukuvivunja. Ni pale mtu anapoona moyoni mwake kwamba jambo fulani ni sawa, lakini wenzake wamekubaliana vingine. Au pale wenzake wote wanasema "hii ni kawaida", na yeye moyo unamkataza.

Hebu tuanze na kisa.

Usiku wa sanduku la bati

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikutana Jumamosi mchana. Michango ilikusanywa, jumla ikawa shilingi 18,600. Benki iko mjini, tena ilikuwa imeshafungwa. Basi pesa zililala kwa mama mweka hazina, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli.

Saa sita usiku mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yake, mama kijana, amebeba mtoto anayewaka homa. Macho ya mtoto yamegeuka, mwili unatetemeka. "Mama, nisaidie, mtoto anakwenda!" Mwenye pikipiki alitaka kulipwa kwanza, na huko hospitali kungetakiwa pesa ya dawa na kitanda. Jirani hakuwa na kitu. Mweka hazina naye alikuwa na shilingi 150 tu za kwake.

Katiba ya kikundi iko wazi. Inasema hakuna pesa itakayotolewa bila uamuzi wa kamati na sahihi za watu watatu. Mama huyu anaijua, maana yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioiandika. Alisimama kidogo mbele ya sanduku. Kisha akafungua kufuli, akahesabu shilingi 6,000, akampa jirani.

Mtoto alifika hospitali, akatibiwa malaria, akapona. Mpaka leo anakimbia kijijini.

Lakini mama hakuandika kitu katika kitabu. Alitumaini jirani angerudisha pesa kabla ya mkutano unaofuata. Jirani hakuweza. Siku ya mkutano katibu akalinganisha kitabu cha michango na karatasi ya benki: 18,600 zilikusanywa, 12,600 ziliwekwa. Sisi tulikuwa tumeketi hapo hapo, kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumekuja kufundisha jinsi ya kuweka hesabu.

Mama akasimama, akaeleza yote. Mkutano ukagawanyika mara moja.

"Huyu mama ameokoa roho ya mtu," akasema mzee mmoja. "Kwani katiba ni Mungu?"

"Mzee, tunakuheshimu," akajibu kijana mmoja, "lakini leo ni mtoto mgonjwa. Kesho itakuwa nini?"

Ndipo mama mmoja mjane, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, akaomba nafasi. "Mimi mwezi wa pili niliomba shilingi 4,000 za karo ya kijana wangu. Mliniambia kamati haijaketi, katiba hairuhusu. Kijana akakaa nyumbani majuma mawili. Sikumlaumu mtu, kwa maana nilijua hiyo ni sheria yetu sote. Sasa nauliza: kumbe ilikuwa sheria yangu mimi peke yangu?"

Watu wakanyamaza. Hata sisi hatukuwa na jibu la haraka. Tangu siku hiyo tumelifikiria sana swali la mama huyu, na ndiyo sababu tunaandika makala haya.

Mambo mawili, sauti mbili

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya.

Kuna maadili ya mtu mwenyewe. Haya yanatokana na malezi ya wazazi, na imani, na mambo ambayo mtu ameyapitia maishani. Sauti yake tunaiita dhamiri. Ukiyavunja, hata kama hakuna aliyekuona, moyo wako unakusuta na usingizi unapotea.

Halafu kuna maadili yanayokubaliwa na jamii. Haya ni mapatano ya watu wengi. Mengine yameandikwa: katiba ya kikundi, kanuni za kazi ya muuguzi, mwalimu au wakili, na sheria za nchi. Mengine hayakuandikwa popote, lakini kila mtu anayajua: mila na desturi, na hata yale mazoea tunayoyaita "hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda". Ukiyavunja haya, ni wenzako watakaokusuta.

Mara nyingi sauti hizi mbili zinakubaliana. Moyo unasema usiibe, na kikundi kinasema usiibe. Hapo hakuna shida. Lakini kuna siku zinavutana. Muuguzi analetewa mwizi aliyepigwa na umati, na mali iliyoibwa ni ya ndugu yake mwenyewe. Moyo wake umejaa hasira, lakini kanuni za kazi zinamwamuru amtibu kama mgonjwa mwingine yeyote. Wakili anaweza kumtetea mtu ambaye yeye mwenyewe anamshuku, kwa sababu kila mshtakiwa ana haki ya kutetewa. Na mweka hazina anasimama usiku mbele ya sanduku la bati.

Kwa nini kikundi hakiwezi kuishi kwa dhamiri peke yake

Watu wengine husema: "Sisi tunaaminiana, katiba ya nini?" Tunawaelewa. Lakini fikirini haya.

Dhamiri ya mtu haionekani. Wanachama 25 hawawezi kuchungulia moyo wa mweka hazina wajue kama alichukua pesa kwa huruma au kwa tamaa. Wanachoweza kuona ni kitabu. Ndiyo maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sahihi tatu si matusi kwa mweka hazina, ni ngao yake. Pesa zikitoka kwa sahihi tatu, hakuna mtu atakayemwita mwizi.

Jambo la pili ni lile la mama mjane. Huruma ya mtu mmoja humfikia yule aliye karibu naye: jirani, ndugu, rafiki. Hakumkosea mtu kwa kuwa na jirani, lakini mwanachama anayekaa ng'ambo ya mto hana mlango wa kubisha usiku. Kanuni ndiyo inayomfikia huyu. Inampa mjane haki sawa na jirani wa mweka hazina. Kanuni ikivunjwa kwa ajili ya walio karibu na sanduku, walio mbali ndio wanaoumia.

La tatu, dhamiri nayo inaweza kupotoka. Tumemsikia mtu akisema, "Moyo wangu uko safi," na kumbe amempa shemeji yake kazi ya kuchimba kisima bila kuuliza bei kwa mwingine. Tumemsikia pia mhudumu wa afya wa kijiji akisema alitangaza hali ya virusi vya ukimwi ya jirani "kwa sababu ya upendo, ili watu wajihadhari". Hakika aliona anafanya vema. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari kama hizo bila ruhusa ya mwenyewe, na sababu yake ni ya maana. Watu wakijua siri zao zitatangazwa, hawatakwenda kupimwa, na ugonjwa utaenea gizani. Nia njema haitoshi.

Lakini wengi nao wanaweza kukosea

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Jambo haliwi jema kwa sababu tu kila mtu analifanya.

Chukueni "kitu kidogo". Kila mmoja wetu anajua jinsi inavyokwenda: karatasi yako inakaa chini ya nyingine zote mpaka utoe "chai". Watu watakuambia, "Wewe unajifanya mtakatifu? Toa, mambo yaende." Hapo jamii imezoea, na anayekataa ndiye anayeonekana mgeni. Lakini mazoea hayo yanamnyima haki maskini asiye na chai ya kutoa.

Kuna mfano mkubwa ambao Wakenya wengi wanaukumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana mmoja karani katika Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, aliona makaratasi yaliyomsumbua. Kampuni ya Goldenberg ilikuwa inalipwa mabilioni ya shilingi kama marupurupu ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo sana. Kanuni ya kazi yake ilikuwa kutunza siri za ofisi. Wakubwa walinyamaza. Dhamiri yake ilikataa kunyamaza, na habari hizo zikawafikia wabunge wa upinzani.

Mwaka 1993 Munyakei alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi haikuendelea, lakini kazi aliipoteza. Mwaka 2003 serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire, naye Munyakei akatoa ushahidi. Aliaga dunia mwaka 2006 akiwa mtu maskini. Nchi nzima ilifaidika na ukweli wake, lakini gharama aliilipa yeye na jamaa yake.

Tunajifunza mawili. Kwanza, kuna wakati sauti ya mtu mmoja ndiyo iliyo sawa na kimya cha wengi ndicho kibaya. Pili, jamii isiyomlinda mtu wa namna hiyo inawafundisha wengine kunyamaza. Tangu wakati huo kumekuwa na hatua fulani. Sheria ya Kulinda Mashahidi ilipitishwa mwaka 2006. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 imefanya kuwa kosa kumfukuza kazi au kumtishia mtu aliyetoa habari za hongo. Lakini sheria iliyo Nairobi haiwezi kumlinda mwanachama wenu aliyesimama mkutanoni akauliza risiti iko wapi. Huyo mnapaswa kumlinda ninyi.

Tharaka: walibadilisha mapatano pamoja

Je, mtu akiona mila fulani ni mbaya afanye nini? Akipinga peke yake anatengwa. Akinyamaza, moyo unamsuta. Hapa kuna somo zuri kutoka Tharaka.

Huko, kama kwingine, ukeketaji wa wasichana ulikuwa ni jambo linalotarajiwa. Mzazi aliyeona ni vibaya alikuwa katika mtego. Asipompeleka binti yake, binti atachekwa, na watu watasema hajawa mtu mzima. Kwa hiyo wazazi wengi walifanya jambo ambalo mioyo yao haikulipenda, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Mwaka 1996 baadhi ya familia, zikisaidiwa na Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH, zilianzisha sherehe mpya iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa pamoja kwa siku kadhaa wakifundishwa mambo ya utu uzima, heshima na afya. Kisha kukawa na sherehe ya hadharani, nyimbo, chakula na zawadi. Yale mema ya mila yalibaki. Kisu kiliachwa.

Mnaona walivyofanya? Hawakuwatukana wazee, wala hawakujificha. Walijitokeza wengi kwa siku moja, ili asichekwe mtu mmoja. Baadaye sehemu nyingine za Kenya ziliiga mfano huo. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja mwaka 2011. Kabla yake, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 44, ilikuwa imeshasema kwamba mtu asimlazimishe mwingine kufuata mila au desturi yoyote. Hilo linawahusu pia wajane wanaolazimishwa kurithiwa.

Maswali matano ya kupimia

Basi, siku moyo wako na kanuni ya wenzako vikivutana, jiulize haya. Tumeyatumia katika semina nyingi na yamesaidia.

1. Ni nani ataumia? Usihesabu tu yule anayelia mbele yako. Mhesabu na yule asiyekuwepo.

2. Gharama analipa nani? Nikitoa kwa huruma kutoka mfuko wangu, hiyo ni sadaka yangu. Nikitoa kutoka sanduku la kikundi, nimewatolea wenzangu sadaka bila kuwauliza. Munyakei alilipa gharama ya dhamiri yake kwa kazi yake mwenyewe. Hiyo ni tofauti kubwa.

3. Naweza kulisema mbele ya mkutano? Jambo linalotaka kufichwa, mara nyingi lina kasoro ndani yake.

4. Sheria ya nchi inasemaje? Katiba ya kikundi na mila zote ziko chini ya Katiba ya nchi. Kikundi hakiwezi kupitisha azimio la kumnyang'anya mjane shamba.

5. Iko njia ya tatu? Je, ningeweza kumwamsha mwenyekiti? Kupiga simu kwa wanachama wawili? Kukopa kwa jina langu mwenyewe? Mara nyingi tunaona njia mbili tu kwa sababu tumeshikwa na hofu. Na kama kanuni yenyewe ndiyo mbaya, njia ya tatu ni kuibadilisha hadharani, kama walivyofanya Tharaka.

Kisa chetu kiliishaje?

Turudi mkutanoni. Mazungumzo yalichukua karibu saa tatu. Mwishowe mwenyekiti aliuliza swali moja lililofungua fundo: "Mama, kama ungetuambia Jumapili asubuhi, nani hapa angekukasirikia?"

Hakuna mkono uliopanda.

Hapo watu wakaelewa kwamba kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kufungua sanduku usiku ule. Juu ya hilo wengi walisema wangefanya vivyo hivyo. La pili ni majuma matatu ya kunyamaza. Hilo ndilo lililowaumiza, na mama mwenyewe alikiri. "Niliogopa," alisema. "Niliogopa mtaniita mwizi, na kwa kunyamaza nikafanana na mwizi."

Kikundi kiliamua hivi. Shilingi 6,000 ziliandikwa kama mkopo kwa jina la mweka hazina, naye akakubaliana na jirani yake jinsi ya kulipa kwa miezi sita. Alipewa onyo la maandishi, lakini hakuondolewa katika kazi yake. Kisha wakarekebisha katiba. Sasa kuna mfuko wa dharura wa shilingi 5,000, unaotunzwa na mtu mwingine. Mwanachama yeyote mwenye ugonjwa wa ghafla au jambo zito lisilongoja kikao anaweza kupewa pesa, hata usiku, wakikubali wanachama wawili kwa simu, na habari hizo ziwe zimemfikia katibu kabla ya jua kutua siku inayofuata.

Na mama mjane? Kikundi kilimwomba msamaha. Si kwa sababu alinyimwa, maana kanuni ilikuwa hivyo, bali kwa sababu hakuna aliyefikiria kuibadilisha siku ile alipoomba yeye. Alikubali msamaha, akaongeza: "Mimi sikutaka mama huyu afukuzwe. Nilitaka tu mlango ule uwe na kwetu." Leo yeye ndiye anayetunza mfuko wa dharura.

Tulipokuwa tukiagana, mweka hazina alitushika mkono akasema maneno ambayo hatujayasahau. "Nikiamshwa tena usiku kama ule, nitafungua tena. Lakini kabla jogoo hajawika nitakuwa mlangoni kwa mwenyekiti."

Ndugu zetu, kanuni zisizo na moyo hukauka. Moyo usio na kanuni nao humpendelea jirani na kumsahau aliye mbali. Kikundi chenye nguvu ni kile ambacho mtu anaweza kusimama ndani yake na kusema, "Mimi naona hivi ni vibaya," na wenzake wakamsikiliza kabla ya kumhukumu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kama ungekuwa wewe usiku ule, ungefanya nini? Kwa nini?

2. Je, katiba ya kikundi chetu ina nafasi ya dharura? Anayekaa mbali anaweza kuifikia?

3. Ni jambo gani hapa kwetu ambalo kila mtu hulifanya, na bado mioyo yetu inatusuta? Nani yuko tayari kulianza pamoja na mwenzake?

4. Mara ya mwisho mwanachama alipouliza swali gumu mkutanoni, tulimtendeaje?

Someni makala haya kwa sauti kwa ajili ya wale wasiojua kusoma, kisha mjadiliane wawili wawili kabla ya kuzungumza wote. Mkipata jibu ambalo sisi hatukulifikiria, mtuambie tutakapokuja kuwatembelea. Tutafurahi kulisikia.